Kodi Inayozaa Mapacha

Benchi letu liko nyuma ya soko la Bolton, mji wetu huku Uingereza, limeegemea ukuta wa kibanda changu cha chai na pai, chini ya paa la bati linalovuja upande mmoja, na upande huo huachiwa anayechelewa. Mimi ndiye Mama Birika. Jina la kanisani ni Lorna, lakini hapa jina la kanisani halinunui hata sukari. Wateja wangu wa kudumu hujiita kamati. Jaji ni Desmond Pilling, aliyeitwa mahakamani mara moja maishani mwake kukaa na wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, na tangu siku hiyo hajashuka kitini. Redio ni Noreen Entwistle, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Masala ni Yakub Lorgat, aliyeuza viungo humu sokoni mpaka mgongo ukamgomea. Na Spana ni Clifford Haslam, fundi mstaafu wa mabasi, anayekaa ghorofa ya juu kabisa katika kile kiwanda cha zamani cha pamba ng'ambo ya barabara, ambacho siku hizi ni nyumba za watu. Alhamisi hiyo ya Machi mvua ilikuwa ile yetu, isiyonyesha vizuri wala kuacha, na Spana alikuwa ameagiza chai akaiacha ipoe mkononi. Nilijua mambo si mazuri, maana yule bwana hunywa chai ikiwa bado inachemka.

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa mbio mbio, akaikodolea macho.

Spana: Namba imefichwa.

Jaji: Usipokee.

Spana: Pengine ni mwanasheria wangu.

Jaji: Mwanasheria ana ofisi. Ofisi ina namba. Namba si umeihifadhi? Basi ingekuja na jina lake. Anayeficha namba ana kitu anaficha, bwana. Muulize Redio yaliyompata dada yake.

Redio: Walimpigia hivyo hivyo, wakajifanya benki. Wakazoa hela zake zote za mazishi. Sasa maskini yu hai tu, hana hata za kufia.

Masala: Mwenda pole hajikwai.

Mimi: Hiyo inahusiana nini na simu?

Masala: Asiyepokea hajikwai. Ni mulemule.

Simu ikakatika yenyewe. Spana akairudisha mfukoni polepole, mkono wake ukabaki humo humo.

Nieleze kidogo, maana ukisikiliza kamati bila kujua kisa utadhani wamepoteza akili, na huenda kweli. Huku kwetu ukinunua nyumba ya ghorofani hununui ardhi, unanunua miaka ya kukaa juu yake. Ardhi ina mwenyewe, na kila mwaka unamlipa kodi yake. Wazazi wetu walilipa kodi ya kuchekesha, hela ya mkate na siagi, na hakuna aliyelala macho kwa ajili yake. Ya Spana ni ya kisasa. Iliandikwa kwamba kila baada ya miaka kumi iongezeke mara mbili, na aliyemuuzia akamwambia weka saini hapa mzee, kila mtu ameweka. Aliweka. Yeye na mkewe Jean walikaa vizuri tu mpaka nyonga ya Jean ilipogoma, na lifti ikagoma mwezi huo huo. Wakatafuta kijumba cha chini, kisicho na ngazi, kule Horwich karibu na dada yake Jean. Kukipata wamekipata. Kuuza cha juu ndiyo ikawa kazi. Mnunuzi wa kwanza alipenda kila kitu, ila benki yake ilipoiona kodi ile ikamwambia hatukukopeshi hata senti, nyumba ya namna hiyo kesho hatutaweza kuiuza. Wa pili ni binti muuguzi wa hapa hospitali, na benki yake ikasema hayo hayo, ila ikampa muda: kodi ikiondolewa, mkopo upo. Spana akachukua akiba yake karibu yote akamlipa mwenye ardhi ili aandike mkataba mpya usio na kodi ile. Hela ilipokewa upesi. Saini ndiyo haikuja. Na muda wa benki ulikuwa unaisha siku ile ile, jioni, na mwenye kijumba cha Horwich alikuwa ameshasema hasubiri tena.

Sasa unaelewa kwa nini chai ilipoa.

Redio: Mimi sitaki kukutisha, Spana.

Mimi: Basi usimtishe.

Redio: Nasema tu nilichosikia kwa msusi. Kuna bwana mmoja wa Wigan, nyumba yake kaimaliza kulipa, kila kitu chake. Akachelewesha ile kodi ya ardhi miezi kadhaa tu, alikuwa mgonjwa. Wakampeleka mahakamani, wakaichukua nyumba. Nyumba nzima! Pazia likiwa bado dirishani.

Spana: Nyumba aliyoinunua?

Jaji: Hapo ndipo penye sheria sasa. Kodi ya ardhi ikivuka kiasi fulani, wewe si mwenye nyumba tena. Ni mpangaji.

Spana: Lakini mimi nimenunua!

Jaji: Umenunua, ndiyo. Ni mpangaji aliyenunua.

Masala: Kama mtu anunue mbuzi, halafu kila mwaka amlipe mwenye majani. Asipolipa, mbuzi anarudi.

Spana: Na maziwa?

Masala: Maziwa ulishakunywa, hayo hawakudai.

Mimi: Jamani, si yule mama wa ofisi ya ushauri alikuja hapa akatuambia? Tundu hilo bunge limeliziba msimu huu huu wa baridi. Hawezi kutolewa tena kwa ujanja huo. Nilimpa na pai ya bure kwa furaha.

Jaji: Wameziba, sikatai. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi: Sasa si wameuziba huo ufa?

Jaji: Na ukuta ni wa nani? Wa mwenye ardhi! Umeona?

Sikuona. Nilimwongezea maziwa kwenye chai ili anyamaze, lakini maziwa hayajawahi kumnyamazisha Desmond Pilling.

Masala alikuwa ametoa kalamu na kuanza kuchora kwenye mfuko wa pai.

Masala: Ngoja. Tuseme kodi ni mke na mume. Baada ya miaka kumi wamezaa mapacha. Kila pacha naye anaoa, baada ya kumi anazaa mapacha. Mkataba wako una miaka mingapi imebaki?

Spana: Zaidi ya mia.

Masala: Haya. Nikifika hapa, kodi imenunua gari. Hapa, imenunua hili soko. Na hapa, wallahi, vitukuu wa Spana wanadaiwa Bolton yote na nusu ya Manchester.

Redio: Ndo maana yake! Huo ndio mpango wao! Hawana haja na hela, wanasubiri nchi.

Spana: Nani hao?

Hapo ndipo kamati ilipoanza kupanda mlima.

Redio: Mwenye ardhi amekufa. Zamani tu. Wanamficha.

Jaji: Acha hizo. Mwenye ardhi ni kampuni, na kampuni ni ya kampuni nyingine, na hiyo iko kisiwani.

Redio: Kisiwa gani?

Jaji: Kisiwa tu. Kampuni zote za namna hiyo ziko kisiwani. Ofisi yenyewe ni mlango na sanduku la barua. Ukibisha hodi wanafungua ndege wa baharini.

Masala: Mimi niliambiwa ni farasi.

Mimi: Farasi?

Masala: Kuna tajiri alimpenda farasi wake kuliko wanawe. Akamwandikia mali. Sasa farasi ana wakili, na wakili anakusanya kodi, na farasi anakula shayiri.

Spana: Ndiyo maana hatii saini.

Alisema hivyo bila kucheka, na sisi ndio tuliocheka. Kisha tukaona aibu.

Jaji: Cha kuangalia, Spana, ni kwamba wewe uko juu kabisa. Kisheria ardhi inashuka mpaka katikati ya dunia, kwenye ule moto. Nayo inapanda mpaka mbinguni. Anayegusa ardhi ni yule wa chini. Wewe unagusa hewa. Ningekuwa wewe ningedai nilipie hewa tu, tena ya Bolton, ambayo ni mbovu, kwa hiyo nusu bei.

Spana: Jaji, nakuomba.

Jaji: Nakutia moyo tu! Usikate tamaa. Mpanda ngazi hushuka.

Spana: Wangu hashuki.

Mvua ikasikika kwenye bati.

Spana: Jean hajagusa lami tangu majani yalipoanguka mwaka jana. Anafika kwenye ngazi, anaishika ile nguzo, anaitazama chini, anarudi ndani. Jana kanambia, Cliff, nikifia huku juu watanishushaje? Akacheka. Eti anafanya mzaha. Mimi nikaenda chooni nikafungua maji, asinisikie.

Redio: Jamani, Jean.

Spana: Na ile lifti mimi naiweza! Hicho ndicho kinachoniua. Ni kikamatio cha mlango tu, mlango haujifungi sawasawa, mashine inakataa kupanda. Nimetengeneza milango ya mabasi maisha yangu yote. Nikawaambia wasimamizi wa jengo, nipeni ruhusa, sitaki hata shukrani. Wakaniandikia nikigusa lifti nimevunja mkataba. Lifti si yangu. Ngazi si zangu. Ukuta si wangu. Sasa mimi nilinunua nini?

Nilimwaga chai yake iliyopoa nikamtilia nyingine ya moto, sikumdai. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani, maana huwezi kumgombeza mtu aliye kisiwani.

Simu ikalia tena.

Spana: Ile ile. Imefichwa.

Mimi: Pokea, Clifford.

Jaji: Asipokee! Mara ya pili hiyo. Tapeli ndiye anayerudia.

Mimi: Na mwenye shida ya kweli harudii?

Jaji: Tena nawaza jingine. Je, kama ni watu wa mwenye ardhi? Wanataka kumrekodi. Akisema "ndiyo" tu, hata "ndiyo, ni mimi," wanaikata hiyo "ndiyo" wanaibandika kwenye mkataba mwingine. Imetokea.

Redio: Imetokea! Nimeisikia kwa msusi.

Masala: Tupige kura.

Mimi: Kura ya simu ya mtu?

Wakapiga. Watatu wakanyoosha mikono, mimi nikabaki peke yangu na birika. Spana hakupiga, alikuwa anaitazama simu inavyotetemeka kiganjani mwake. Ilipolia mara ya tatu Redio akainyakua, akaminya kitufe cha pembeni, akaizima kabisa kabisa, akamrudishia.

Redio: Tumekuokoa.

Spana alishukuru. Alishukuru kweli, huyo ndiye Spana.

Wakaendelea. Masala akagundua kwamba hata mwenye ardhi huenda naye anamlipa kodi mwenye ardhi mwingine, na huyo naye ana wake, mpaka mwisho kabisa kuna bibi mmoja anayelipwa na Uingereza yote na hajui, anashangaa tu kila mwezi hela zinatoka wapi. Redio akasema bibi huyo anamfahamu. Jaji alikuwa anajiandaa kumpinga ndipo alipotokea binti anakimbia kutoka upande wa hospitali, koti juu ya sare za uuguzi, nywele zimelowa chapachapa, viatu vinapiga maji. Akasimama mbele yetu anahema.

Binti: Samahani. Bwana Haslam yupo hapa?

Jaji: Nani anauliza?

Spana: Shauna! Jamani, huyu ndiye mnunuzi wangu. Huyu ndiye Shauna Kershaw.

Shauna: Mzee wangu, mbona hupokei simu?

Spana: Simu?

Shauna: Mwanasheria wako anakutafuta tangu asubuhi! Leo anafanyia kazi nyumbani kwake, namba yake haionekani. Kamwambia wangu, wangu kanambia mimi, mimi nikampigia dalali, dalali kasema mtafute sokoni kwenye benchi la pai. Mwenye ardhi katia saini jana jioni. Benki yangu imeshakubali. Kila kitu kipo tayari mezani, kinasubiri neno lako wewe. Moja tu. Hawawezi kufunga mauzo mpaka useme ndiyo kwa mdomo wako, na benki wanafunga saa kumi na moja!

Sijawahi kumwona Jaji akiwa mwekundu namna ile, na kwa mtu wa Bolton anayependa bia hilo si jambo dogo. Redio alikuwa anatazama kidole chake alichominyia kitufe, kama si chake.

Spana: Simu! Inawashwaje? Imezimwa! Redio, umeminya wapi?

Redio: Hapa! Hapa pembeni! Minya na ushikilie!

Masala: Usiminye sana!

Mimi: Nyamazeni nyote!

Simu ikawaka taratibu, na kinachoudhi kwenye simu hizi ni kwamba kwanza zinakuonyesha ua, halafu jina la kampuni, halafu ua tena. Shauna akachukua yake, akampigia mwanasheria wake, huyo akamwambia kata, akamwambia yule wa Spana apige tena. Tukasubiri. Nikaushika mkono mmoja wa Spana. Ulikuwa wa baridi.

Ikalia. Namba iliyofichwa.

Spana: Haloo. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo. Ndiyo, nimeelewa. Tunahama Ijumaa ijayo? Ndiyo. Ndiyo, nakubali. Ndiyo kabisa. Ahsante mama. Ahsante sana. Mungu akubariki, ahsante.

Akaitua simu kwenye benchi polepole kama yai. Akakaa. Kisha uso wake ukakunjamana, akaufunika kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Mimi nami nilikuwa nimeshaanza. Masala alimpiga piga mgongoni akisema haya bwana, haya, yamekwisha, na sauti yake yenyewe ilikuwa imepasuka. Kulikuwa na kitu kizito kwenye lile benchi miezi yote ile, tukikikalia bila kukisema, na sasa kilikuwa kimeondoka. Nilijisikia ninaweza kuwauzia watu wote pai bure, ingawa sikufanya hivyo.

Shauna alikuwa amekaa upande unaovuja bila kujua, anacheka na maji yakimdondokea shingoni. Nikampa chai na pai ya nyama na viazi. Hiyo ilikuwa ya bure.

Shauna: Na kodi mpya mmeisikia? Mwanasheria wangu kanisomea, nilidhani anatania. Kuanzia sasa kodi ya ardhi ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Mwenye ardhi akiidai.

Machozi yalikauka palepale.

Masala: Pilipili manga? Nyeusi au nyeupe?

Shauna: Hakusema.

Masala: Hakusema! Mkataba gani huo? Kuna nyeusi, kuna nyeupe, kuna ya kijani. Ya Malabar si sawa na ile inayokuja kwenye makopo. Punje kubwa au ndogo?

Jaji: Ni desturi ya kisheria ya zamani sana, Masala. Maana yake ni kwamba hulipi kitu.

Masala: Pilipili si kitu? Mimi nimesomesha watoto wanne kwa pilipili!

Jaji: Nasema ni jina tu. Ila! Sikilizeni. Akiidai, lazima umpelekee. Mkononi. Na shahidi awepo. Ukimpelekea iliyopasuka umelipa nusu, na nusu ni deni.

Redio: Na ile ya kuzaa mapacha? Baada ya miaka kumi punje mbili, halafu nne, halafu nane...

Shauna: Haizai tena, mama. Imekufa hiyo.

Redio: Ndivyo wanavyosema. Mimi nakwambia mtoto huyu atazeeka anapeleka magunia kisiwani.

Masala: Basi asipate tabu. Nyumbani nina mfuko mzima, sikuuza wote nilipofunga. Namlipia mbele. Miaka yote ya mkataba, mara moja, na juu yake namwekea mdalasini wa zawadi. Farasi akidai namwambia fungua mdomo.

Tulicheka mpaka watu wa foleni ya samaki wakageuka. Spana alicheka kuliko wote, kofia ikiwa bado mkononi, mashavu yamelowa, na chai yake akainywa ya moto kwa mkupuo mmoja. Alikuwa amerudi kuwa Spana wetu.

Shauna: Mimi kitu kimoja sikielewi. Ile kodi ya zamani, iliyotaka kutukosesha wote usingizi. Mwenye ardhi alikuwa anawafanyia nini kwa hela ile?

Jaji: Lifti ina malipo yake tofauti. Usafi una malipo yake. Bima, malipo yake. Hiyo ilikuwa ya ardhi.

Shauna: Na ardhi ilikuwa inafanya nini?

Jaji akafikiri sana. Nampa haki yake, alifikiri kweli.

Jaji: Ilikuwa pale.

Masala: Na ilikaa vizuri, haikuhama.

Redio: Kuna sehemu inahama. Nimesikia kwa...

Mimi: Kwa msusi, tunajua.

Wakarudi kwenye pilipili. Jaji sasa alitaka kujua kama punje inaweza kutumwa kwa posta, na Masala akauliza ikipotea njiani hasara ni ya nani, na Redio akasema posta ya siku hizi wanaila. Spana alikuwa katikati yao anachangia, akipiga goti, eti ukiitia kwenye chungu ukasahau je, umekula kodi? Shauna alikuwa anawasikiliza na pai mkononi, macho yanatoka huku kwenda kule. Akasubiri wapumue. Kisha akamgeukia Spana, akauliza kwa upole kabisa, kama wanavyouliza wauguzi.

Shauna: Na mama Jean kasemaje?

Spana akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Redio. Redio, ambaye hujua habari ya kila mtu mjini, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Tulikuwa tumelia, tumecheka, tumekula, tumepanga kodi ya miaka mia na ushee, na ng'ambo ya barabara ile, juu kabisa, kulikuwa na mwanamke amekaa na nyonga yake akidhani bado mambo ni yaleyale ya asubuhi.

Spana: Mungu wangu. Jean!

Akaondoka. Alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, basi likampigia honi, akalipungia mkono kama rafiki yake, labda aliwahi kulitengeneza. Sijui alizipandaje zile ngazi zote, mtu wa umri wake. Sisi tulisimama kando ya benchi kwenye mvua, vikombe mikononi, tumeinua shingo, tunasubiri.

Dirisha la juu kabisa likafunguliwa. Kwanza tuliona mikono miwili, halafu kichwa cha Jean, nywele zimesimama, uso umelowa, na nyuma yake Spana amemshika kiuno asije akaanguka kwa furaha.

Jean: Nashuka! Mnanisikia? Nashuka, nahamia chini, naenda kukanyaga majani!

Tukapiga makelele sokoni pale, wenye samaki nao wakapiga bila kujua kwa nini. Shauna alikuwa analia ndani ya pai. Jean akafuta uso kwa kiganja, akajivuta mbele kidogo, akatutazama mmoja mmoja kutoka juu, na sauti yake ikabadilika.

Jean: Sasa nyie wataalamu! Lile kabati la mama yangu, la mwaloni, lenye vioo, na lifti ni mbovu. Nani kati yenu analishusha kwenye ngazi?

Kamati nzima ikainamisha macho kwenye vikombe vya chai. Vilikuwa vitupu vyote, na bado walivitazama.